Ulimi uliteleza, kitufe kilibonyezwa na nani? Barua ya wazi kwa mkurugenzi wa redio na wadhamini wake

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa kituo,
Kwa Wakuu wa Masoko wa kampuni zilizodhamini kipindi cha asubuhi,

YAH: KUFUKUZWA KWA MTANGAZAJI WENU, NA BARUA TATU AMBAZO HAZIKUSIKILIZWA

Ndugu Mkurugenzi, ndugu wadhamini,

Salamu na heshima kwenu. Tafadhalini husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Jina la kituo sijaliandika, wala la mtangazaji. Yeye amekwisha kutajwa vya kutosha wiki hizi, na ninyi mnajijua. Barua tatu nilizowaandikia faraghani zina majina yote, tarehe zote na saa zote. Mkitaka uhakika kwamba ni ninyi ninaowasema, fungueni sanduku lenu la barua pepe, mteremke chini kidogo.

Mimi nina kigugumizi. Ninacho tangu utotoni, na kwa miaka mingi tumezoeana, mimi nacho. Kipindi chenu nilikuwa nakisikiliza kila asubuhi, kwa sababu kusema kweli yule bwana ana kipaji, na kwa muda mrefu alinichekesha. Halafu ikaanzishwa ile sehemu ya wasikilizaji kupiga simu na kujibu swali. Mpigaji akikwama kwenye neno, hata kwa sekunde mbili, ilipigwa sauti ya santuri iliyonasa. Mtangazaji naye akairudia ile silabi mara nne tano, studio nzima ikaangua kicheko, kisha likafuata tangazo: sehemu hii imeletwa kwenu na fulani.

Siku moja nikapiga mimi. Jibu la swali nilikuwa nalijua. Nilisimama dirishani, redio nimeipunguza sauti kama mnavyowaelekeza wapigaji, na nikaulizwa jina. Jina langu linaanza na M. Ile M ikagoma. Sauti ya santuri niliisikia kwanza sikioni kwenye simu, halafu, baada ya muda mfupi kama wa kupepesa jicho, nikaisikia tena kwenye redio nyuma yangu, ikikwaruza pamoja na M yangu. Mwanangu wa miaka sita alikuwa sakafuni akifunga kamba za viatu. Akauliza, "Redio imeharibika?" Nikamwambia ndiyo, nikaizima.

Barua ya kwanza niliiandika jioni ile. Nilijibiwa na mashine: maoni yako ni muhimu kwetu. Ya pili ilijibiwa na mtu, mstari mmoja, kwamba kipindi ni cha burudani na wasikilizaji wanakipenda, na mwishoni akaniwekea kikatuni cha uso unaocheka. Ya tatu haikujibiwa kabisa.

Baadaye, kama mnavyojua, mtangazaji huyohuyo alitamka hewani neno la kudhalilisha watu kwa asili yao. Silirudii hapa, limerudiwa na kila mtu, wakiwemo wanaodai kulilaani. Kipande kikasambaa mitandaoni. Kufika jioni mdhamini mmoja alikuwa amejitoa. Kesho yake mchana mkatoa taarifa kwamba mmeachana naye, na kwamba kituo chenu "hakivumilii na hakijawahi kuvumilia" lugha ya aina hiyo.

Tangu hapo watu wamegawanyika. Wapo wanaoshangilia kama timu yao imefunga bao, na wapo wanaolia kwamba siku hizi watu hawana ngozi, ukiwagusa tu wanatoka damu. Wanaonifahamu wamenipigia simu kuniuliza kama nimefurahi. Sikufurahi. Nilisoma ile taarifa yenu mara mbili, na neno lililonikwama kooni, safari hii si kwa sababu ya kigugumizi, ni "hakijawahi". Hilo ndilo linalonileta hadharani, na mambo yangu ni haya:

1. Mlijua.

Naanza na hili kwa sababu yote mengine yanatoka humo. Watetezi wake wanasema ulimi hauna mfupa, mtu huteleza. Nakubali. Anayezungumza hewani kwa muda wa saa nne kila siku, lazima ipo siku atajikwaa, na kama angekuwa amejikwaa mara moja tu, mimi ningekuwa wa kwanza kumwombea asamehewe. Ila sauti ya santuri haitoki ulimini. Kuna mtu aliyeitafuta, akaikata ikawa fupi ya kutosha, akaipanga kwenye mashine ya sauti pamoja na makofi na kengele. Mwandaaji wa kipindi aliiona kwenye mpango wa asubuhi. Kuna kidole kilichokuwa juu ya kile kitufe kikisubiri mtu akwame. Kuna mtu wa mauzo aliyekwenda kwa mdhamini na kumwuzia dakika zile. Na yupo mkuu wa vipindi, ambaye kwa cheo chake alikuwa akisikiliza, au alikuwa akilipwa ili asikilize.

Kitu kilichopita kwenye mikono yote hiyo asubuhi tano kwa wiki hakiwezi kuitwa kuteleza. Ni bidhaa. Na mtu aliyeona kila asubuhi kwamba kuwadhalilisha watu wenye kigugumizi kunamletea kicheko na mdhamini, atajuaje kwamba kundi linalofuata ndilo litakalomponza? Hakuna aliyemwambia mpaka uko wapi. Mpaka mliuchora siku ileile mliyomfukuza, na mkauchora nyuma yake.

2. Aliyewashtua ni mwenye pesa.

Haya si mageni, wala hayakuanza kwenu. Tarehe 4 Aprili 2007, mtangazaji wa Marekani, Don Imus, aliwatolea wachezaji wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Rutgers maneno ya kuwadhalilisha kwa rangi na kwa jinsia yao. Mabinti wale walikuwa wametoka kucheza fainali ya taifa siku iliyotangulia. Kwanza walioajiri sauti yake waliona adhabu ya kusimamishwa wiki mbili inatosha. Kisha kampuni kubwa zikaanza kuondoa matangazo yao, moja baada ya nyingine. Tarehe 11 televisheni ya MSNBC ikaacha kurusha kipindi chake, na tarehe 12 CBS, mwajiri wake wa redio, ikamfukuza. Maneno yalikuwa yaleyale ya tarehe 4, hayakuongezeka uzito. Kilichobadilika ni hesabu.

Karibu na hapa mnakumbuka Machi 2021, watangazaji watatu wa Homeboyz Radio ya Nairobi walipozungumza hewani kana kwamba mwanamke aliyejeruhiwa vibaya ndiye aliyejitakia. Kampuni ya bia ya EABL ikasitisha matangazo yake kituoni, na watangazaji wale wakaachishwa kazi. Mamlaka ya mawasiliano nayo ikaingia, ikakisimamisha kipindi.

Sisemi wadhamini walikosea kujitoa. Nawauliza ninyi wadhamini jambo dogo: ile santuri ilipokuwa ikilia sekunde chache kabla ya jina lenu kutajwa, mlikuwa mnasikiliza nini? Nakala ya barua yangu ya pili niliituma kwa mmoja wenu. Yeye hakuniwekea hata kikatuni.

3. Mlichokilaani ndicho mlichokinunua.

Baada ya Imus kufukuzwa, wakili wake alijitokeza hadharani na hoja iliyowakera wengi lakini ambayo mimi naiona nzito: kwamba mkataba wenyewe ulimtaka mteja wake awe mchokozi na mtu wa kuzua ubishi, maana ndiyo sifa iliyomfanya aajiriwe. Agosti mwaka huohuo pande mbili zikamalizana nje ya mahakama, na Desemba akarudi hewani kwenye kituo kingine cha New York. Kwa hiyo waliomfukuza walitoa kauli kali, kisha wakafika makubaliano na mtu waliyemfukuza. Mtu hafiki huko kama hana cha kuulizwa.

Wa kwenu mlimtangaza kwenye mabango kwamba ni "mdomo usio na breki". Nimelinukuu bango lenu wenyewe. Mnauza gari kwa sifa ya kutokuwa na breki, halafu likigonga mtu mnasema dereva ametusikitisha.

4. Waliotukanwa hawamo kwenye taarifa yenu.

Nimeihesabu ile taarifa aya kwa aya. Mnawaomba radhi wadhamini, mnawaomba radhi "wasikilizaji wetu wapendwa" na "wadau wote". Waliotajwa kwa lile neno hawakutajwa popote. Sisi wa santuri ndiyo kabisa, hatujawahi kuwepo.

Hapa nawapa mfano wa kitu kilichofanyika vizuri ndani ya sakata lililofanyika vibaya. Usiku wa Aprili 12, 2007, kazi ikiwa imekwisha kumponyoka, Imus alikutana uso kwa uso na timu ya Rutgers na kocha wao, C. Vivian Stringer. Hapakuwa na kamera humo ndani. Walizungumza, wale mabinti wakamwambia waliyotaka kumwambia, na baadaye timu ikasema imepokea msamaha wake. Linganisheni uzito wa saa zile na uzito wa taarifa ya aya nne iliyopigwa mhuri wa kitengo cha mawasiliano.

5. Na waliokuwa nyuma ya kioo?

Hili nitalisema kwa ufupi kwa sababu mimi si msemaji wao. Mlipokifuta kipindi mliwafuta pia fundi mitambo, mpokea simu na kijana wa kuandaa maswali. Mei 29, 2018, televisheni ya ABC ya Marekani ilipokatisha kipindi cha mchekeshaji Roseanne Barr saa chache tu baada ya ujumbe wake wa kibaguzi mtandaoni, kundi zima la waigizaji na mafundi lilijikuta halina kazi kwa maneno ambayo halikuyaandika. Angalau pale njia ilitafutwa: Oktoba mwaka huo kipindi kilirudi kwa jina jingine, bila yeye, na wengi wakarudi kazini. Kwenu naona kimya. Kile kidole cha kitufe kilikuwa na makosa yake, lakini nina hakika hakikuwa na mamlaka ya kukataa.

6. Haraka yenu imewapa watetezi wake silaha.

Mtu akifukuzwa ndani ya siku moja bila kanuni iliyoandikwa popote, umma haujadili tena alichosema. Unajadili kama ameonewa. Mwaka 2013 televisheni ya mapishi ya Marekani, Food Network, ilipoachana na mpishi Paula Deen, baada ya kukiri chini ya kiapo kwamba aliwahi kutumia neno la kibaguzi, watu walikimbilia kuagiza kitabu chake kipya kikapanda hadi namba moja kwa Amazon, kabla mchapishaji naye hajakifuta. Februari 2021 redio za Marekani zilipoacha kupiga nyimbo za mwimbaji Morgan Wallen kwa kosa la namna hiyo, albamu yake iliendelea kukaa kileleni wiki baada ya wiki. Na haraka hukosea upande wa pili pia: Julai 2018 Disney ilimfukuza mwongozaji James Gunn kwa utani mchafu alioandika mtandaoni miaka mingi nyuma, na Machi 2019 ikatangaza kumrudisha kazi ileile. Kama adhabu ilikuwa sahihi, kwa nini ilifutwa? Kama haikuwa sahihi, nani aliipima?

Wa kwenu naye nasikia amefungua chaneli yake mwenyewe, na wanaomfuata ni wengi kuliko waliokuwa wakimsikiliza kwenu. Kwa kweli mmemfanyia promosheni ya bure.

Sasa najua mtakachosema, maana nimeishi na majibu yenu.

Mtasema barua zangu hazikufika kwa wakubwa. Basi hilo ni shtaka jingine. Kampuni ambayo habari ya mdhamini kujitoa humfikia mkurugenzi ndani ya saa moja, lakini habari ya msikilizaji aliyedhalilishwa haimfikii hata baada ya barua tatu, haina tatizo la mawasiliano. Imepanga hivyo.

Mtasema ni utani. Utani naujua. Nimetaniwa kigugumizi changu na wajomba, na marafiki, na mke wangu, na mara nyingi mimi ndiye ninayeanza. Ila mtani ni mtu ambaye kesho na mimi nitamtania, na tukikutana msibani tutashikana mikono. Yule alikuwa na maikrofoni na mimi nilikuwa na simu ambayo angeweza kuikata.

Mtasema, au watetezi wake watasema, kila mtu ana uhuru wa kusema. Anao. Sijaomba afungwe, wala sijaomba anyamazishwe; chaneli yake namtakia heri. Ninachouliza ni nani aliyelipia umeme, masafa na ile mashine ya sauti.

Na mtasema jambo hili limekwisha, aliyekosea ameondoka. Hapa ndipo ninapowaomba mfungue kurasa zenu wenyewe mtandaoni, leo, kabla hamjamaliza kusoma. Vipande vya "Santuri" bado vipo. Nimevihesabu, ni kumi na tisa. Bado vinaangaliwa, na kabla ya kila kimoja linatangulia tangazo. Cha saba ni mimi.

Ninayoyaomba ni haya, na sidhani kama ni makubwa:

Kwanza, viondoeni vile vipande. Visifichwe tu, viondolewe. Hili halihitaji kikao cha bodi.

Pili, ombeni radhi hewani, saa ileile ya asubuhi ambayo matusi yalirushwa, kwa kuwataja waliotukanwa: kundi alilolitukana siku ya mwisho, na sisi wenye kigugumizi mliotukodishia kitufe kwa muda wote ule. Asome mkurugenzi mwenyewe. Msimpe mtangazaji mpya asiyehusika mzigo wa kuwasomea.

Tatu, andikeni kanuni na muiweke mahali ambapo msikilizaji na mtangazaji wote wanaweza kuisoma: lipi ni kosa la kuonywa, lipi la kusimamishwa, lipi la kufukuzwa, na nani anaamua. Iwabane na waandaaji na wakuu wa vipindi, isiishie kwenye sura inayoonekana. Kama kanuni hiyo ingekuwepo, huenda mtu wenu angepewa onyo baada ya barua yangu ya kwanza, na leo angekuwa bado kazini, akichekesha kama alivyokuwa akinichekesha zamani. Linaniuma hilo, muamini msiamini.

Nne, malalamiko ya msikilizaji yajibiwe na mtu mwenye jina, kwa muda unaojulikana. Wekeni daftari lake, na wadhamini wawe na haki ya kuliona kabla ya kusaini. Halafu wasije kusema hawakujua.

Tano, wale waliokuwa nyuma ya kioo walipwe haki zao, na wapewe kazi nyingine inapowezekana.

Nimeweka barua zangu tatu tayari, pamoja na majibu yenu mawili, kikatuni kikiwemo. Sijazichapisha. Nasubiri siku thelathini kuanzia leo, na nikiona vipande vimeondoka nitajua mmeanza kusoma.

Mkipenda kunipigia simu badala ya kuandika, namba yangu mnayo, ipo kwenye kumbukumbu za wapigaji wenu. Nitapokea. Mtaniuliza jina, na ninawaomba mvumilie kidogo hapo, kwa sababu linaanza na M.

Wenu,
Msikilizaji wa asubuhi, kipande cha saba